Mezani kwetu: divai nyekundu isiyolala kwenye pipa



Wiki hii tunaongea juu ya divai. Tunajua kuna wenzetu ambao hawainywi, wengine kwa ajili ya imani yao, wengine kwa sababu waliona pombe ilichofanya nyumbani kwao. Hao tunawaheshimu, na tunawaomba wasiruke ukurasa huu. Hata asiyekunywa hutumwa kununua siku ya sherehe, na pesa inayotoka ni ya sanduku letu sote.

Mnakumbuka sherehe ya mahari ya binti wa mwenzetu, ile tuliyopikia uwanjani chini ya bashi ya rangi ya samawati. Tulipika vizuri. Brosheti za mbuzi, sambaza za kukaanga, sombe yenye mawese, maharagi, wali, bugali, makemba. Kwa meza ya wakwe tulitaka kitu cha heshima, basi tukatuma wawili wetu kwenye alimentation moja mjini, wakaambiwa na muuzaji kwamba divai nzuri ni ile ya bei kubwa. Walirudi na chupa 12, dola 18 kila moja. Jumla dola 216. Katika likilimba yetu tunatoa dola 5 kwa wiki, kwa hiyo kila mmoja anaweza kupiga hesabu mwenyewe ni wiki ngapi za jasho la mtu mmoja zilikaa pale mezani.

Shangazi wa bwana harusi alionja. Akakunja uso, akaweka glasi chini polepole, akaomba limonadi. Mzee aliyekaa karibu naye alimwaga yake nyuma ya kiti, akidhani hakuna aliyemuona. Mwisho wa siku chupa 12 zote zilikuwa zimefunguliwa na 7 zilikuwa zimejaa zaidi ya nusu. Mama wa binti alikwenda nyuma ya jiko akalia. Alidhani wakwe wamemdharau, kwamba wameonja umaskini wake. Kwa miezi 2 hakutaka kupeleka salamu kwa familia ile, na binti yake alikuwa katikati, hajui amfuate nani.

Ni shangazi yuleyule aliyekuja kumaliza jambo. Alisema hakudharau mtu. Kinywaji kilikuwa kichungu tu, na alipokuwa anakula pilipili mdomo uliwaka moto. Chakula alikisifu. Hapo ndipo tulipoanza kuuliza: kosa lilikuwa wapi, kama chakula kilikuwa kizuri na divai ilikuwa ya bei?

Kaka wa mmoja wetu alihudumia meza za hoteli kwa miaka mingi. Tulimpelekea chupa moja tupu. Hakuuliza bei. Alisoma karatasi ya chupa, akaweka kidole kwenye maneno madogo ya Kifaransa: « élevé en fût de chêne ». Akasema, jibu ni hili hapa.

Maneno hayo yanasema kwamba divai ililelewa ndani ya pipa la mti. Chêne ni mti mgumu wa Ulaya, Kiswahili cha vitabu kinauita mwaloni. Mafundi wanaukata mbao, wanazikunja juu ya moto mpaka ndani ya pipa panaungua kidogo, kisha divai inalala humo miezi 6, mwaka mmoja, hata zaidi. Mti unatoa harufu yake: vanila, moshi, mkate uliochomwa. Unatoa pia uchungu wake, ule unaokausha ulimi kama chai iliyosahauliwa na majani ndani ya birika. Wataalamu wanauita tanini. Zabibu zenyewe zina tanini kwenye ngozi na kwenye mbegu. Pipa jipya linaongeza nyingine juu yake.

Wazee wetu hawatashangaa. Wao wanasema kasiksi iliyotengenezwa katika mtumbwi wa mbao haionjwi sawa na ile ya bidoni la plastiki. Mti unaongea ndani ya kinywaji. Kwa divai ni vilevile, ila kule pipa linagharimu sana. Pipa la kawaida la Bordeaux linabeba lita 225, ndiyo chupa 300, na likiwa jipya bei yake ni mamia ya yuro. Mwenye shamba anairudisha pesa hiyo kwa nani? Kwa mnunuzi. Basi katika zile dola 18 tulilipa mbao pia, mbao ambazo shangazi hakuzipenda.

Hatusemi divai ya pipa ni mbaya. Mtu anayekula kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe iliyochomwa, bila pilipili, polepole, ataifurahia. Sisi hatuli hivyo. Meza yetu ina sahani sita kwa wakati mmoja, mafuta ya mawese, majani, samaki, na bakuli la pilipili katikati.

Yule kaka alitupa ushauri: tafuteni nyekundu ya mchanganyiko ambayo haikupita kwenye pipa, kwa mfano Côtes du Rhône ya kawaida. Tuliposikia neno « mchanganyiko », nusu yetu tulikataa. Hapa kwetu kinywaji kilichochanganywa kinamaanisha mtu ameongeza maji au alkoholi ya kushindilia. Lakini huo ni ulaghai, na huu ni upishi. Mchanganyiko wa divai ni zabibu za aina mbalimbali zinazowekwa pamoja kwa makusudi, kama wewe unavyoweka kitunguu, bilinganya na mawese ndani ya sombe. Hakuna anayekuambia sombe yako imechakachuliwa.

Rhône ni mto. Unatoka kwenye barafu za milima ya Uswisi, unaingia ziwa la Léman, unatoka tena kuelekea kusini ya Ufaransa mpaka bahari ya Mediteranea. Sisi wa Bukavu tunaelewa haraka: ni kama Ruzizi inavyotoka ziwani kwetu ikiteremka kwenda Tanganyika. Sehemu ya kusini ya bonde lile, karibu na mji wa Avignon, ni ya jua kali, mawe, na upepo mkavu unaoitwa mistral. Jina Côtes du Rhône lilipata ulinzi wa sheria mwaka 1937: asiyelima ndani ya mipaka ile na kwa zabibu zilizokubaliwa haruhusiwi kuliandika kwenye chupa.

Zabibu kubwa ya pale inaitwa Grenache. Inapenda joto, inatoa harufu ya matunda mekundu, na ina nguvu ya alkoholi, lakini rangi yake si nzito wala haikaushi sana ulimi. Syrah inaleta rangi nyeusi na harufu ya pilipili manga. Mourvèdre inaleta mifupa, tuseme hivyo. Mara nyingine kuna Cinsault ya kulainisha, au Carignan. Kisha divai inapumzika katika tanki za chuma kisichoshika kutu au katika birika kubwa za saruji, vitu visivyotoa harufu yoyote, na inawekwa kwenye chupa ikiwa bado changa. Unachoonja ni tunda. Huko kwao ndiyo divai ya kila siku, ya kuwekwa mezani na chakula cha nyumbani bila hotuba.

Hatukutaka kuamini kwa masikio tu. Siku ya posho tulikutana uwanjani kwa mmoja wetu, tukiwa wamama 9, wanaokunywa 6 na 3 wa kutusimamia. Tulinunua chupa moja ya Côtes du Rhône isiyo na pipa, dola 9, na tulikuwa na moja ya zile za dola 18 ambayo mama wa binti alirudia kununua kwa hasira, ili tujue kabisa. Tuliwasha mbabula mbili. Kila mmoja alileta sufuria yake.

Tulianza na brosheti za mbuzi. Bila pilipili, divai zote mbili zilipita, na lazima tuseme ukweli, ile ya pipa ilipendeza na harufu ya makala. Mafuta ya mbuzi yanalainisha uchungu. Lakini mara tu tulipochovya nyama katika pilipili, mambo yaligeuka. Ile ya pipa ikawa moto na uchungu pamoja, na mmoja wetu alikimbilia bugali. Alkoholi yenyewe inachochea moto wa pilipili, na tanini inazidisha ukali. Ile isiyo na pipa iliwaka kidogo tu, tunda lake likabaki. Hapo tulimuelewa shangazi.

Sombe ndiyo iliyotushangaza. Tulidhani majani hayana neno lolote na divai. Ile sombe ilikuwa imepikwa tangu asubuhi, na mawese ya kutosha, kitunguu, bilinganya na karanga kidogo za kusaga. Mawese yanafunika ulimi. Uchachu wa divai changa unaufuta, na unatamani kijiko kingine. Majani ya muhogo yana uchungu wao mdogo mzuri. Ukileta divai ya pipa unaongeza uchungu wa mti juu ya uchungu wa majani, na vinagombana. Bila pipa kuna nafasi. Wamama wote 6 walichagua ile ya dola 9, na mmoja wao ndiye aliyenunua ile nyingine, basi mjue ilimuuma.

Maharagi yaliyopikwa na nyanya na kitunguu, vizuri sana. Kuku wa kienyeji katika mchuzi wa nyanya, vizuri zaidi ya yote. Nyanya ina uchachu, inataka kinywaji chenye uchachu, na Syrah ile yenye harufu ya pilipili manga ilikaa ndani ya mchuzi kana kwamba tuliimwaga humo. Fromaji ya Masisi, tuliyokata vipande vidogo wakati tunangoja kuku, iliisha kabla ya kuku kuiva, na watoto wa mwenye nyumba wanajua waliyoyafanya.

Kwa samaki, angalieni. Sambaza za kukaanga, zikiwa moto, zimekauka vizuri, na chumvi na limau, zilikubali divai isiyo na pipa ikiwa imepoa. Tilapia katika mchuzi wa nyanya ilikubali pia. Makayabu tuliyoloweka usiku mzima na kupika na kitunguu na nyanya ilipita bila shida. Wareno wanakula samaki wa chumvi na divai nyekundu tangu zamani, na ni wao pia wenye desturi ya kukausha samaki huyo. Lakini ndakala kavu ilitushinda. Iliacha ladha ya chuma mdomoni, kama mtu aliyelamba ufunguo, na divai zote mbili zilianguka. Siku mnapopika ndakala, kunyweni maji ya limau.

Na gato. Kila sherehe tunafungua divai wakati wa kukata gato kwa sababu tumeona hivyo kwenye picha. Tulijaribu na gato yenye krimu: divai ilikuwa chachu kama siki. Kitu kitamu kinaondoa tunda lote la divai kavu. Makemba yaliyoiva sana na kukaangwa yanafanya hivyohivyo, ingawa si vibaya sana kama unayala pamoja na nyama. Kwa hiyo divai iende na chakula, na gato ipewe chai au maji ya maracuja.

Kuna anayeuliza juu ya kumimina Coca ndani ya divai. Tunawajua mnaofanya hivyo. Hata Hispania vijana wanafanya. Mwenye chupa ya dola 9 akifanya hivyo mbele yetu tutanyamaza. Wa dola 18 tutamnyang'anya glasi.

Sasa, dukani mtajuaje? Chupa nyingi zisizo na pipa hazijitangazi. Msome upande wa nyuma. Mkiona « fût de chêne », « barrique » au « boisé », ni ya pipa. Mkiona « cuve », au hakuna neno lolote juu ya ulezi wake na bei ni ya kawaida, mara nyingi haikupita huko. Kwa divai za Hispania neno « Crianza » au « Reserva » kwenye nyekundu linamaanisha imelala kwenye pipa. « Joven » ni changa. Muangalie pia mwaka. Divai ya namna hii si ya kuhifadhi kwa ubatizo wa mjukuu. Inanywewa vizuri ndani ya miaka 2 au 3, na ya zamani sana kwenye kabati ya duka haina heshima yoyote ya ziada, imechoka tu. Chupa inayosimama dirishani ikipigwa na jua muiache hapo. Kama kizibo kimesukumwa nje, au kuna alama ya kuvuja kwenye shingo, ilipata joto barabarani. Na kama kifuniko kimefunguliwa na kurudishwa, msinunue hata kwa dola 2. Huo ndio mchanganyiko wa kweli wa kuogopa.

Msiinywe ikiwa na joto la mchana. Kwenye digrii 14 hadi 16 inapendeza, na alkoholi haipigi pua. Nusu saa ndani ya frigo inatosha. Umeme ukikatika, na mnajua utakatika, muifunge chupa kwa kitambaa kilicholowa maji na kuiweka kivulini penye upepo, au muizamishe kwenye beseni ya maji ya asubuhi.

Hesabu ni rahisi. Chupa moja ya sentilita 75 inatoa glasi 6 za sentilita 12 na nusu. Ile siku ya mahari meza ya wakwe ilikuwa na watu 24. Glasi moja kwa kila mtu ingetaka chupa 4. Glasi mbili, chupa 8. Sisi tulinunua 12, na tukazifungua zote kwa pamoja ili meza ionekane imejaa. Hilo lilikuwa kosa letu, si la muuzaji. Mfungue mbili, muangalie. Isiyofunguliwa inarudi kwenye sanduku. Iliyofunguliwa, irudishieni kizibo na muiweke mahali pa baridi, itakaa siku 3 hivi. Kilichobaki kinapika nyama ya ng'ombe vizuri pamoja na kitunguu na karoti, ila mjue alkoholi haiishi yote kwa kuchemka, hata baada ya nusu saa kuna inayobaki, basi sufuria hiyo isiwe ya watoto wadogo.

Na mjue nguvu yake. Divai hii ina asilimia 13 hadi 14 na nusu za alkoholi. Glasi mbili ndogo ni karibu sawa na chupa kubwa moja ya bia ya sentilita 72 yenye asilimia 5. Mtu anayesema « nimekunywa glasi nne tu, si bia » amekunywa chupa mbili kubwa za bia. Apewe chakula na maji, na asiendeshe moto.

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike ukurasa huu haraka kuliko tulivyopanga. Siku ile ya kuonja, mke wa kijana wa jirani alipita, mimba ya miezi 6. Mama mmoja mtu mzima, ambaye tunampenda, alimjazia glasi akisema: « Kunywa, mwanangu, nyekundu inaongeza damu. » Msichana hakuthubutu kumkatalia mkubwa. Mmoja wa wale watatu wasiokunywa ndiye aliyesimama akaipokea glasi mkononi mwake, kwa upole, akampa maji.

Divai nyekundu haiongezi damu. Rangi yake inatoka kwenye ngozi ya zabibu, kama rangi ya maji uliyochemshia biringani. Damu inahitaji chuma, na divai haiwezi kukuletea cha kutosha. Kinyume chake, tanini ileile tuliyoizungumza, sawa na ile ya chai, inazuia mwili kuchukua chuma kutoka kwenye maharagi na majani. Ndiyo, tumetoka kusifu maharagi na divai hapo juu. Kwa mtu mwenye afya anayekunywa glasi moja siku ya sherehe haina neno kubwa. Kwa mama aliyeambiwa ana upungufu wa damu, maharagi yake ayale na chungwa, limau au maracuja, ambavyo vinasaidia chuma kuingia, na chai angoje saa moja au mbili. Ajaribu kupata nyama au maini akiweza, na vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa CPN avimalize, hata kama vinamtia kinyesi cheusi. Ni kawaida.

Alkoholi inapita kutoka damu ya mama kwenda kwa mtoto tumboni, na inaweza kuumiza ubongo wake kwa maisha yote. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama wakati wa mimba, wala mwezi ambao hatari imekwisha. Hata kwa sisi wengine, Shirika la Afya Duniani lilisema mwanzoni mwa mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha alkoholi kisicho na hatari yoyote kwa afya. Tunaandika hivyo ndani ya ukurasa wa divai kwa sababu ni kweli, na kila mtu mzima atachagua. Anayenyonyesha, akinywa glasi moja, angoje angalau saa mbili kabla ya kumpa mtoto ziwa. Anayekunywa dawa ya metronidazole, ile mnayopewa kwa amiba, asiguse divai mpaka siku kadhaa baada ya kumaliza.

Tumeongea na yule mama mtu mzima. Alituambia kwamba yeye mwenyewe alipewa nyekundu na mama mkwe wake kila alipotoka kujifungua, mara 7, na hakuna aliyemwambia vingine. Hakukasirika. Aliuliza tu mbona hatukumwambia mapema.

Sasa habari ya mbele. Wiki mbili zijazo ni zamu yetu tena, komunyo ya kwanza ya watoto 5 wa kikundi, na watu wazima 40 watakula pamoja kwenye uwanja uleule. Komite imekubali chupa 8 za mchanganyiko usio na pipa, si zaidi, na zitafunguliwa mbili mbili pamoja na kuku, sombe na maharagi. Jumla isipite dola 72. Pesa iliyookolewa itanunua maji ya matunda kwa watoto na kwa wasiokunywa, na yatawekwa mezani ndani ya jagi nzuri sawasawa na divai, si kwenye bidoni chini ya meza kama mara ile. Glasi za wakubwa zilizoachwa zikusanywe mara moja, kabla ya watoto kuanza kuzimaliza. Dada wawili wamekubali kazi hiyo. Tunahitaji wa tatu.

Mama wa binti ndiye atakayekwenda kununua. Aliomba mwenyewe. Shangazi wa mkwe wake atamsindikiza.